Kongwa yetu sio mji wa karanga zilizofeli

Kila nikisema natokea Kongwa, kule mkoani Dodoma, aliyesoma historia kidogo tu anakumbuka karanga. "Aah, kule Waingereza walikofeli." Basi, stori inaishia hapo, kama vile mji mzima ni kosa la mtu mwingine. Hii kitu imenikaa moyoni miaka mingi.

Kiukweli walifeli, tena vibaya. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza mafuta ya kula yalikuwa ya mgao, ikaamuliwa karanga zilimwe Afrika Mashariki na Kati kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, na kazi ianzie hapa kwetu mwaka 1947. Yakaja matrekta yaliyotumika vitani, mengine mabovu na spea hakuna, mpaka vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Mwaka wa kwanza walipanga kusafisha ekari 150,000, zikaishia kupandwa kama 7,500 hivi. Mibuyu haing'oki kirahisi, mizizi ya vichaka inavunja vyuma, nyuki nao hawakuwaacha, halafu kiangazi kilipofika ule udongo mwekundu ukakauka kama sakafu ya saruji, karanga zimo ndani na kuzitoa ni vita. Januari 1951 wakafunga hesabu, pauni kama milioni 36 zimeenda na maji.

Sasa mimi nakataa kabisa mtu akisema "Kongwa ardhi mbaya". Wagogo na Wakaguru walikuwa wanaishi hapa hapa na wanakula. Walilima mtama na uwele kwa sababu mtama mvua ikikata unasinyaa unasubiri, ikirudi unaendelea. Bibi yangu njugu mawe alikuwa anapanda kwenye kichanga tu, ule udongo mzito hakuugusa, na ukimuuliza kwa nini anakushangaa maana kwake hilo halikuwa swali. Na ng'ombe walifugwa kwa hesabu, mwaka wa njaa unabadilisha mmoja na nafaka, watoto wanavuka. Hao ni watu waliopitia njaa ya Mtunya, 1917 mpaka 1920, mvua ya hapa wanaijua tabia yake, msimu mmoja tu kuanzia Desemba mpaka Aprili na katikati inaweza kukata wiki tatu. Wataalamu wa karanga walikagua nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege. Wangekaa na bibi mmoja tu kwenye tembe lake jioni moja wangeokoa hela nyingi sana.

Na inaniuma kwa sababu mpaka leo hatujamsikiliza huyo bibi. Watu wengi hapa wanalima mahindi, kila mtu anataka ugali mweupe, ugali wa mtama na mlenda umeonekana chakula cha kizamani, halafu Februari mvua inakata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele na shamba lote linakauka unaliangalia. Mjomba yangu imemkuta hivyo zaidi ya mara moja na bado anapanda mahindi, anasema mtama ndege wanamaliza na bei yake haieleweki. Namwelewa. Lakini kama hela ingewekwa kwenye bei ya mtama na uwele watu wangerudi wenyewe bila kulazimishwa. Alizeti ilipopata soko mbona walilima bila kuambiwa?

Soko lenyewe tunalo wilayani, Kibaigwa, pale barabara kuu ya Morogoro - Dodoma. Msimu ukifika mafuso yanapanga foleni, mahindi yanatoka mpaka Kiteto, wapagazi, madalali, mama lishe, mji haulali. Hapo ndio uone Kongwa ya sasa. Ila lumbesa inatuumiza, mkulima anafunga gunia mpaka linaota kichwa na analipwa kama gunia moja, kwenye hilo mimi niko na mkulima, kila kitu kipimwe kwa kilo.

Halafu kuna jambo ambalo hata vijana wa hapa hapa hawalijui. Yale majengo na eneo lililoachwa na mradi wa karanga, kuanzia 1964 wakapewa wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, wote walikuwa na kambi Kongwa. Samora Machel kabla hajawa rais wa Msumbiji alisimamia mafunzo ya wapiganaji hapa. Fikiria, mji mdogo wa wakulima na wafugaji, wenyewe chakula cha kuhesabu, unapokea vijana kutoka nchi nne tano, wengine wakaoa hapa, wengine wakazikwa hapa. Mimi nikiulizwa Kongwa ni nini naanzia hapo. Mgogo ukifika kwake unasalimiwa mbukwa, unaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, unapewa cha kula ndio unaulizwa umefuata nini. Nahisi hao vijana walipokelewa hivyo hivyo.

Wazee waliowaona wakiwa vijana sasa wana miaka themanini na kitu, na kila mwaka tunazika. Mwalimu wa historia uliyeko Kongwa, wapeleke wanafunzi wako kwa hao wazee na simu za kurekodi, waende kiangazi hiki, maana mvua zikianza utawakuta wote shambani.