Hilo sio jino la utoto, acheni kuling'oa

Jumamosi niko saluni hapa Sakina, Arusha, akaingia mama na bintiye wa miaka saba, mtoto kang'ata pamba, mdomo bado una ganzi. Tukampa pole, mama akajibu kwa raha zake, "aah limeshatoka, litaota lingine." Mtoto akafungua mdomo kutuonyesha. Gego la chini, la nyuma kabisa. Aisee! Hakuna lingine litakaloota pale, lile lilikuwa la ukubwani.

Yani hili gego la ukubwani linaloota kwenye miaka sita linatuponza sana. Linachomoza nyuma ya meno ya utoto, hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo mzazi hata hajui limekuja lini, likioza anaona si la utoto hilo, litoke. Haya, mzazi simlaumu sana. Ila aliyeshika koleo naye hajui kuhesabu meno?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jino likichomoza halijamaliza kukua. Mzizi wa hilo gego unaendelea kujengwa mpaka mtoto anafika miaka tisa, kumi hivi, na kabla ya hapo kuta zake ni nyembamba na ncha ya chini iko wazi. Anayejenga ni ile nyama hai ya ndani, ambayo mtaani tunaiita mshipa na kila mtu anataka uuawe maumivu yaishe. Ukiua, fundi kafa na nyumba imeishia kwenye lenta. Mzizi unabaki mfupi, dhaifu, jino likija kuvunjika tunasema huyu mtoto hana meno imara, karithi kwa baba yake.

Na nyama ya jino changa inapona vizuri ajabu, maana ncha ikiwa wazi damu inapita ya kutosha. Mwaka 1978 daktari mmoja wa Sweden, Miomir Cvek, alichapisha kazi yake ya meno ya mbele 60 yaliyovunjika mpaka nyama ikaonekana, akakata kipande cha juu tu cha hiyo nyama, kama milimita 2, akafunika na dawa ya chokaa akaziba, asilimia 96 yakapona. 1978 jamani! Siku hizi kuna MTA, dawa nyingine ya kufunika hiyo nyama, ilianzia California miaka ya 1990, na asili yake ni ndugu wa saruji ya Portland (msije mkamchotea daktari saruji saiti, ile imesafishwa).

Sawa, najua mtaniambia MTA ni ghali, daktari mmoja ana foleni mpaka getini, kung'oa ni dakika chache. Kweli. Na lipo gego lililooza mpaka halina pa kushika, hilo litoke tu. Tena hata wataalamu wa kupanga meno kuna wakati wanaling'oa makusudi kwenye miaka 8 mpaka 10 ili la nyuma yake lisogee lizibe pengo, lakini hao wanapiga eksirei na kupanga kwanza, sio unaingia tu dakika tano ushatoka na pamba mdomoni.



Kwa hiyo ukimpeleka mtoto uliza: hili ni la utoto au la ukubwani, mzizi umeshafunga, nyama bado hai? Omba eksirei. Kuuma peke yake sio ushahidi kwamba nyama imekufa, mara nyingi iko hai ndo maana inalia. Na jino likishazibwa mrudi tarehe mliyopewa hata kama haliumi, daktari anataka kuona kama mzizi unaendelea kukua, na nyama inaweza kufa kimya kimya bila mtoto kusikia chochote. Hapo ndo wazazi tunapokera, maumivu yakiisha tu kadi ya kliniki inageuka ya kuandikia madeni ya mangi.