Darasa la manila na mtoto asiye na pa kukaa

Grupu ya WhatsApp ya wazazi wa gredi ya tano imewaka wiki nzima juu ya projekti ya hesabu. Mtoto achore darasa analotaka, apange madawati, halafu atoe mzingo na eneo, zile wao huita perimita na eria. Wazazi wanalia ati hiyo homuweki ni yao, saa nne usiku uko saiba unatafuta manila na mwenyewe ashalala. Siwapingi, mimi nimekata katoni mpaka saa sita. Na kuna nyumba hapa Nairobi hazina hata rula, mtoto wa huko anapewa maksi za umaskini.

Lakini sisi tulikariri urefu mara upana, na mpaka leo ukiuliza mtu mzima ipi ni ya seng'enge na ipi ni ya tailsi anaanza kukuna kichwa. Wangu alienda na tepu ya fundi akapima darasa lao: mita 7.5 kwa 6, mzingo 27, eneo 45. Nyumbani akachora lake refu kama basi, 11 kwa 2.5, akaniambia ni saizi moja tu, si mzingo ni 27? Akakata madawati ya karatasi kwa skeli, akapanga, yakakataa kuingia. Akahesabu tena, eneo 27.5. Alinyamaza kidogo, na hapo ndipo aliposhika kitu ambacho mimi nilikikosa miaka nane ya praimari.

Halafu ikawa mbaya. Mwongozo wa usalama wa shule wa wizara unasema darasa la 7.5 kwa 6 ni la watoto 40 wakikaa wawili wawili, yaani kama mita 1.1 za mraba kila mmoja. Kwao wako 68. Gawanya: 0.66. Mlango wa nyumba ukiulaza chini unakaribia mara tatu ya hiyo! Akaniuliza, "Kwani mwalimu hupitia wapi?"

Sasa huyo mwalimu, na somo la dakika 35, atasahihisha manila 68 saa ngapi? Hiyo ndiyo hoja ya maana, kuliko hata pesa ya saiba. Basi manila ibaki dukani, achore hilo darasa kwa chaki hapo uwanjani, waingie wote.