Raja ya Odisha: ardhi ikiwa mwezini, nani anapumzika?

Mwezi Juni kusi huwa limeshika kasi katika pwani ya Afrika Mashariki. Upepo huohuo huvuka Bahari ya Arabu ukiwa umejaa unyevu, kwa kawaida ukaifikia Kerala, kusini mwa India, karibu na tarehe 1, na kufika Odisha, jimbo la mashariki mwa India kwenye Ghuba ya Bengal, katikati ya mwezi. Hapo ndipo Wahindu wa Odisha husherehekea Raja, siku tatu za kuipokea mvua.

Imani yenyewe ni hii: Bhudevi, mungu wa kike wa ardhi na mke wa mungu Jagannath, yule mwenye hekalu kuu mjini Puri, huwa mwezini, yaani katika hedhi, siku hizo. Anajiandaa kuupokea mpunga. Kwa hiyo plau hazishuki shambani na ardhi haichimbwi. Wasichana hawapiki, hawasagi, wala hawatembei peku. Huvaa nguo mpya, hujipaka rangi nyekundu miguuni, hutafuna tambuu na kushinda kwenye bembea zilizofungwa mitini, wakiimba. Siku ya nne jiwe la kusagia, ambalo humwakilisha Bhudevi, huogeshwa kwa manjano na kupambwa maua. Baada ya hapo kazi zinarudi.

Wanaoisifu Raja wana hoja nzito. Katika nchi hiyohiyo, hekalu la Sabarimala huko Kerala liliwazuia wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50, yaani umri wa hedhi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 28 Septemba 2018 kwamba waruhusiwe. Hata baada ya hukumu, waliojaribu kuingia walikutana na makundi ya watu waliowazuia njiani. Odisha, kinyume chake, jambo ambalo kwingine husemwa kwa kunong'ona linafanyiwa sherehe mchana kweupe, baba na kaka wakiwapo. Binti aliyevunja ungo juzi anaona kijiji kizima kikisimamisha kilimo kwa sababu ya kitu kilekile kilichompata yeye. Sidhani hilo ni dogo.

Baadhi ya watetezi huongeza kwamba siku tatu za mapumziko huurudishia udongo rutuba. Hapo siwafuati. Siku tatu haziwezi kufanya mengi kwa udongo, na sikukuu hii haihitaji kupewa cheti cha maabara ili iwe na maana.

Wakosoaji nao huuliza: anayeheshimiwa hapa ni mwanamke, au ni uzazi wake? Mwanamke amefananishwa na shamba, na shamba thamani yake ni mavuno. Aliyekoma hedhi, au asiye na mtoto, yuko wapi katika hadithi hii? Tena, ukizitazama vizuri, kanuni za Raja ziko karibu mno na miiko ya kila mwezi. Usipike. Usiguse hiki. Zinapokuja mwezi Juni, huja na nguo mpya na bembea. Miezi mingine, katika nyumba nyingi, mwanamke aliye mwezini bado huambiwa asiingie jikoni wala mahali pa kusalia, na bembea hakuna.

Mimi naona wakosoaji wana haki zaidi, ila wanakosea wanapoifanya Raja chanzo cha miiko hiyo. Miiko iko India nzima, hata kusikosherehekewa Raja. Ninachokiona kuwa kizito zaidi ni suala la kazi, na hilo pande zote mbili hulipita haraka. Chakula cha sikukuu ni poda pitha, keki nzito ya unga wa mchele, nazi na sukari guru, ambayo hufungwa kwenye majani ya mgomba na kuokwa kwa moto mdogo usiku kucha. Haijioki yenyewe. Ili binti akae kwenye bembea bila kugusa sufuria, mama au bibi amekesha jikoni kabla yake. Pumziko lipo kweli, lakini halikugawiwa sawa hata miongoni mwa wanawake wenyewe.

Suala hilo lilijitokeza tena mwaka 2024. Mwezi Julai Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuamuru likizo ya hedhi, ikieleza kwamba kuilazimisha kunaweza kuwafanya waajiri wawakwepe wanawake. Tarehe 15 Agosti Naibu Waziri Kiongozi wa jimbo la Odisha, Pravati Parida, akatangaza likizo ya siku moja kwa wafanyakazi wanawake wa serikali na sekta binafsi, siku ya kwanza au ya pili ya hedhi, kwa hiari. Neno hilo la hiari ndilo linalonivutia. Raja haiulizi kama unataka kupumzika. Likizo hii inauliza, na mwanamke anaweza kusema hapana.

Lakini kibarua wa kike anayepandikiza mpunga kwenye shamba la mtu mwingine hana ofisi ya kupeleka ombi la likizo. Siku tatu za Raja ndizo pumziko ambalo kijiji kizima kinalitambua, na kwa anayelipwa kwa kutwa ni siku tatu bila ujira. Sheria yoyote ya likizo itakayotungwa Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha, inapaswa kupimwa kwake kwanza, kabla ya karani mwenye mshahara wa mwezi.