Dakika Tano za Neema

Chanzo ni chipsi mayai. Niliinuka kwenda kunywa maji, kurudi nakuta mtu ametumia kompyuta yangu kuandika kwenye grupu la ofisi: "Leo chipsi mayai ni juu yangu." Watu kumi na wawili walishaitikia amina.

Nikaapa: kuanzia kesho, nisipoigusa dakika tano, itajifunga yenyewe. Mimi nikajiona fundi, mambo ya kubonyezabonyeza mipangilio niwaachie wengine. Nikafungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri. Kule kuna amri ya Add-Type: unaichomekea mistari michache ya C#, lugha ya programu, unaitajia faili la Windows liitwalo user32.dll, basi unaziita funksheni, yaani kazi zilizoandikwa tayari, za Windows yenyewe. Nikachukua mbili. GetLastInputInfo inasema kibodi au mausi iliguswa lini mara ya mwisho. LockWorkStation haina maswali, ukiiita inafunga. Kila baada ya sekunde mbili skripti, yaani hizo amri zangu, ikague. Ikizidi milisekunde 300,000, yaani dakika tano, funga. Nikaitupia kwenye folda ya kujianzisha, iwake yenyewe kila nikiingia. Kuijaribu? Saa kumi na moja ilishafika, na daladala halimsubiri fundi.

Asubuhi nawasha, naweka nywila. Skrini ikatokea, ikafunga. Nywila tena. Ikafunga. Jirani yangu akachungulia, akauliza kwa upole, "Umemkosea nani?"

Nikazima, nikawasha. Vilevile. Kijana wa TEHAMA akacheka: tangu Windows 8, kuzima mara nyingi si kuzima. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski kiamke haraka, na saa yake ya ndani inaendelea kuhesabu. "Usizime. Chagua Restart."

Kweli, ikapona! Nikajimiminia chai, nikaanza kuwaeleza wenzangu nilivyoitengeneza. Dakika ya tano, nikagusa mausi: ikafunga.

Restart ya pili sikuthubutu hata kukaa. Nimesimama, nafungua skripti, macho kwenye saa. Ndipo nikauona upuuzi wangu. GetLastInputInfo haisemi umekaa muda gani bila kugusa. Inasema saa ya mguso wa mwisho, ikihesabiwa tangu Windows iwake. Nilitakiwa niitoe kwenye saa ya sasa. Sikuitoa. Kwa hiyo nilichoandika ni hiki: ikishapita dakika tano tangu kuwaka, atakayeigusa afungiwe. Nikiondoka mezani, inabaki wazi imenikodolea macho. Nikifanya kazi, inanifungia. Nilikuwa nimeajiri mlinzi wa kuwakaribisha wezi na kumzuia mwenye nyumba getini.

Nikaua PowerShell, nikaifuta skripti zikiwa zimebaki kama sekunde arobaini. Jasho mgongoni.

"Kwani kuifunga kwa kitufe cha Windows na L kuna ubaya gani?" kijana akauliza.

Sikumjibu. Koo lilikuwa limekauka, nikaenda kunywa maji. Nikiwa kwenye dispensa simu ikatetemeka mfukoni. Grupu la ofisi, ujumbe kutoka kwangu mwenyewe: "Leo chipsi mayai tena. Na soda."