Baa nzima, halafu naambiwa "shii"!

Jamani, mtu mzima nimeambiwa "shii!" baa. Siyo kanisani, siyo kwenye mtihani wa taifa. Ni baa ya hapa Chicago, Jumapili usiku, watu tumejaa kutazama House of the Dragon, ile tamthilia ya majoka ya HBO, kituo cha Marekani, msimu wa pili ule wa 2024. Joka Vhagar likaibuka ghafla nyuma ya ngome, nami nikamwambia yule mama aliyepanda joka jingine, "Mama, kwisha habari yako." Dada wa meza ya mbele akageuka akanikata jicho. Na nilisema kwa Kiswahili! Hakuna niliyemharibia utamu pale.

Mji wenyewe ndio huu wa baa ya Burlington, ambako wateja walirekodiwa wakitazama Game of Thrones, tamthilia iliyoitangulia hiyo, video zikazunguka dunia. Itafuteni ile ya Aprili 2019, binti Arya anapomchoma kisu Night King, mfalme wa wafu: watu wanaruka, wanapiga mayowe. Raha tupu. Ila kelele za huku zina zamu yake. Ukipayuka kabla ya zamu, wewe ndiye tatizo.

Sisi tumekulia kibanda umiza. Benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, jasho, Lufufu anatafsiri huku anachomekea vituko vyake. Adui akinyemelea, kibanda kizima kinamwonya stelingi: "Nyuma yako!" Ukikaa kimya, unaulizwa kama unaumwa. Na tulijua stelingi hafi. Ndiyo maana Ned Stark, stelingi wa Game of Thrones, alipokatwa kichwa, sebuleni kwa binamu yangu Tabata, mjomba alikataa katakata. "Hiyo ndoto, ataamka." Akaitazama sehemu nzima iliyofuata akimsubiri. Mtu haamki. Akatutuma turudishe flashi kwa kijana wa librari, eti katurushia feki.

Nambieni, nitampata wapi mjomba huyo huku?

Najua mnachoandika sasa hivi: "Kapanda ndege juzi, leo anatusimulia baa za Marekani." Haya. Mwingine atasema kunyamaza ni ustaarabu. Ustaarabu gani huo, watu wanakusanyika ukumbi mzima halafu kila mtu anatazama peke yake? Kama ni ukimya, ningebaki chumbani na kompyuta yangu, nauli ikabaki mfukoni.

Wala sijasema kwetu kila kitu kitamu. Umeme sina haja ya kuusimulia. Na yupo yule aliyeiona jana, anakaa nyuma yako anakutajia: huyu anakufa, huyu msaliti, yule mama anaolewa na mwanawe wa kufikia. Hapo Wamarekani wapeni maua yao, mwisho hawautaji hata kwa viboko.

Ila nanyi msijifanye wanyonge. Oktoba 2022 sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa House of the Dragon ilivuja siku mbili kabla haijarushwa, na HBO wenyewe walisema inaelekea ilitokea kwa msambazaji wa Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika. Mimi niko hapa kwa wenye mali, nahesabu masaa hadi Jumapili. Jumamosi asubuhi binamu wa Tabata ananitumia ujumbe wa sauti, anacheka: "Yule dogo, joka la mjomba wake limemla, na joka lake limeliwa pia."

Nikampiga bloku hadi Krismasi. Shangazi alipiga simu kumwombea msamaha, nikamwambia asubiri.