Asilimia 12.7 ya Njombe haituambii watu wana wapenzi wangapi

Takwimu za VVU zikitoka tu, watu wa Nyanda za Juu Kusini huanza kunyooshewa vidole. Utafiti wa kitaifa wa VVU Tanzania wa 2022-23 uliipa Njombe asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na taifa zima 4.4. Basi maneno yanaanza: huko baridi ni kali, pombe ya ulanzi ipo, watu hawatulii. Binti wa Makete, mkoani Njombe, anayesoma Dar es Salaam anaulizwa na wenzake maswali ambayo wa Kigoma haulizwi. Lakini namba hiyo imehesabu watu wanaoishi na virusi. Wapenzi hawamo ndani yake.

Wanaosema idadi ya wapenzi ina uzito hawajakosea kila kitu. Kwa mtu mmoja mmoja, kila mwenza mpya ni nafasi nyingine ya kukutana na mwenye maambukizi, ndiyo maana mshauri kwenye chumba cha kupima huulizia wenza. Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, kampeni ya "zero grazing", yaani usitafute mapenzi nje ya nyumba yako, iliazima lugha ya mfugaji anayemkatia ng'ombe majani na kumletea bandani, jambo ambalo Rungwe na Njombe halihitaji mkalimani. Tafiti za 1989 na 1995 zilionyesha wapenzi wa kupita wamepungua, na maambukizi nayo yalishuka. Hilo halipingwi hapa.

Kosa ni kuichukua kanuni ya mtu mmoja na kuuhukumia mkoa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walilinganisha miji minne: Kisumu (Kenya), Ndola (Zambia), Yaoundé (Kamerun) na Cotonou (Benin). Kisumu na Ndola, wanawake takriban 3 kati ya 10 walikuwa na VVU. Yaoundé hawakufika hata 1 kati ya 10. Ungetegemea Yaoundé ndiko walikotulia. Ilikuwa kinyume: huko ndiko watu walikotaja wapenzi wengi zaidi. Kilichoitenganisha miji hiyo kilikuwa tohara ya wanaume, pamoja na malengelenge ya sehemu za siri yanayovifungulia virusi mlango.

Hapo mtu wa Iringa anapaswa kusikilizwa. Kwa vizazi vingi Wahehe, Wabena, Wakinga na Wanyakyusa wengi hawakutahiri wavulana, tofauti na watu wa Pwani. Majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu na Rakai (Uganda), yaliyotoa matokeo kati ya 2005 na 2007, yalionyesha tohara humpunguzia mwanaume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Maana yake ni kwamba mikoa miwili inaweza kuwa na wapenzi sawasawa, na virusi vikasambaa upesi zaidi kwenye ule usiotahiri. Ndiyo sababu mpango wa taifa wa tohara ya hiari uliziweka Iringa, Njombe na Mbeya kwenye mikoa ya kipaumbele.

Na hiyo idadi ya wapenzi yenyewe inapatikanaje? Dodoso la utafiti wa afya na idadi ya watu (DHS), unaofanywa katika nchi nyingi, huuliza mtu amewahi kulala na watu wangapi tofauti maishani mwake. Akijibu "wengi tu", mhojaji anatakiwa kumdodosa mpaka apate makadirio. Jibu la 95 au zaidi huandikwa 95. Mwanamke huhojiwa na mwanamke, na kabla ya maswali haya mhojaji huangalia kama kuna mtu anayesikia. Pamoja na tahadhari zote hizo, wanaume hutoa wastani mkubwa kuliko wanawake karibu kila nchi. Uingereza, utafiti wa 2010-12 ulipata 14.14 kwa wanaume na 7.12 kwa wanawake. Haraka haraka tunasema wanaume wanajisifu na wanawake wanaficha. Ni kweli kwa sehemu: wanawake huelekea kuhesabu mmoja mmoja kwa majina, wanaume hukadiria, ndipo majibu yanapolundikana kwenye 5, 10 na 20. Lakini hata pasipo uongo wowote hesabu inaweza kugoma, na hili ndilo lisiloeleweka.

Chukua kitongoji cha mfano chenye wanaume 10 na wanawake 10. Wanawake 9 wamekuwa na wapenzi 2 kila mmoja maishani, jumla 18. Wa kumi anahudumu baa kando ya barabara kuu na amekuwa na wanaume wote 10. Jumla ya mahusiano ni 28, kwa hiyo wastani ni 2.8 kwa wanawake na 2.8 kwa wanaume, kwa kuwa kila uhusiano una mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Sasa anakuja mhojaji na orodha yake ya kaya. Yule wa kumi anaishi kwenye chumba cha gesti, hayumo. Wastani wa wanawake unashuka hadi 2.0, wa wanaume unabaki 2.8. Hakuna aliyedanganya. Na tazama lingine: mwanamke wa wapenzi 2 yuko umbali wa watu wawili tu kutoka kwa kila aliyepita pale baa, kupitia mume wake na yule mhudumu, na dodoso lake linasomeka kama la mtu asiye na hatari.

Hii haikuishia kwenye mfano. Kisiwa cha Likoma, kilicho cha Malawi ndani ya Ziwa Nyasa lile lile linalopiga mawimbi Matema na Manda, watafiti waliwaomba vijana wa miaka 18 hadi 35 wataje wenza wao wa miaka mitatu kwa majina, kisha wakayaunganisha. Matokeo yalichapishwa 2007. Wengi walikuwa na wenza wachache tu, ila karibu nusu yao waliangukia kwenye mtandao mmoja mkubwa, na zaidi ya robo waliunganishwa humo kwa njia zaidi ya moja. Ukiwapima kwa idadi tu, ungesema hawa ni watulivu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu 12.7. Dawa za kufubaza virusi zinawafanya watu waishi miaka mingi, kwa hiyo asilimia ya wanaoishi na VVU inaweza kubaki juu au kupanda huku maambukizi mapya yakipungua. Njombe ilikuwa 14.8 mwaka 2011-12, lakini utafiti ule ulipima miaka 15 hadi 49 tu. Kuziweka namba hizo mbili bega kwa bega ni kulinganisha makundi mawili tofauti.

Kama kweli tunataka kuijua miji ya barabara kuu kama Makambako, Mafinga au Tunduma, tusiishie kwenye idadi, tuangalie maswali mawili kwa kila mwenza wa karibuni: mlianza mwezi gani, mliachana mwezi gani. Wenza watatu waliofuatana kwa miaka ishirini, na watatu waliopishana ndani ya mwaka mmoja, wote huandikwa 3 kwenye lile swali la maisha yote. Na wahojaji wapite pia kwenye nyumba za wageni, kambi za chai za Mufindi na kambi za mbao, wakiwa na orodha maalumu ya sehemu hizo, kwa sababu orodha ya kaya haifiki huko.