Polisi Tanzania na Moshi: ilikuwa timu yetu au ilikuwa inakaa kwetu tu?

Kuna ubishi hauishi vijiweni huku Moshi na Arusha, kwamba timu za majeshi na polisi zitolewe Ligi Kuu, nafasi waachiwe wananchi. Kila ukianza lazima Polisi Tanzania itajwe, maana ndo timu ya mwisho kutuwakilisha kule juu. Wanaotaka zitolewe wana hoja, wanaozitetea nao wana hoja, ila wengi wanabishana bila kuigusa historia yenyewe, kwa hiyo mi naanzia hapo.

Polisi Tanzania walipanda Ligi Kuu 2019 pamoja na Namungo ya Lindi, makao yao yakiwa Uwanja wa Ushirika hapa Moshi. Mji huu uliwahi kuwa na Ushirika Moshi kwenye daraja la juu enzi hizo, timu iliyobeba jina la ushirika kwenye mkoa ambao KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933, yaani jina lenyewe lilikuwa la watu wa hapa na kahawa yao. Baada ya hapo ukawa ukame. Kwa hiyo Polisi walipopanda watu walifurahi kweli, na msimu wa kwanza tu wakaanza kusikika, kocha akiwa Selemani Matola. Oktoba 2019 wakaenda Dar wakatoka 3-3 na Yanga, magoli yote matatu ya Polisi kapiga Ditram Nchimbi peke yake, halafu mwezi huohuo jamaa akaenda na Taifa Stars Sudan akafunga goli la ushindi ile 2-1 iliyotupeleka CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Straika anayecheza Uwanja wa Ushirika, Moshi! Ila dirisha dogo lilipofunguliwa Nchimbi akaenda Yanga, na Matola naye akaenda Simba kuwa kocha msaidizi, timu ikabaki kujipanga upya katikati ya msimu.

Hiyo ndo hali ya timu ndogo popote nchini, ukipata mtu mzuri kuna mkubwa anakuja kumchukua. Polisi lakini hawakuyumba sana, wakaja kuwa na kocha Malale Hamsini kwenye benchi, wakadumu misimu minne. Katikati wakapata pigo zito, Julai 2021 basi la timu likapata ajali likitoka mazoezini na straika wao Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Ajali ile ilitakiwa ifungue mjadala mkubwa kuhusu bima za wachezaji wa timu hizi ndogo, sema kelele zikapoa mapema mno. Mwisho wa 2022/23 wakashuka moja kwa moja pamoja na Ruvu Shooting, na msimu uliofuata ukaanza bila timu yoyote ya Kilimanjaro wala Arusha kwenye Ligi Kuu.

Sasa hoja za wanaozitetea timu hizi. Msimu ambao Polisi wanapambana kupanda, 2018/19, Ligi Kuu yenyewe ilikuwa haina mdhamini mkuu, timu zinasafiri kutoka Mtwara kwenda Mwanza kwa michango na madeni, wachezaji wanagoma. Hela za maana za televisheni zilikuja 2021 Azam Media waliposaini mkataba wa bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Kabla ya hapo timu yenye uhakika wa basi, kambi na mshahara ilikuwa ni ile yenye tajiri au yenye taasisi nyuma yake, na huku kwetu tajiri wa kukubali kupoteza hela kwenye mpira hajawahi kukaa muda mrefu. Alafu kuna suala la ajira ambalo watu wa mijini wanalidharau. Kijana wa Pasua au Njoro anayecheza vizuri, ukimwambia kuna timu ambayo mpira ukiisha anaweza kubaki na kazi ya kudumu, mzazi wake atalala usingizi. Timu ya wananchi haina cha kumpa huyo kijana akivunjika goti akiwa na miaka 24. Mi hoja hii naiheshimu sana, na sijawahi kusikia mtu akiijibu vizuri.

Upande wa pili wanakwambia angalia Mbeya. Mbeya City ni timu ya halmashauri ya jiji, msimu wao wa kwanza 2013/14 wakamaliza wa tatu juu ya Simba, watu wa Mbeya wakawa wanavaa zambarau mpaka sokoni. Walishuka 2023, mwaka uleule na Polisi Tanzania, lakini 2025 wakarudi Ligi Kuu. Walivyokuwa chini watu waliendelea kuwadai, kila mechi wanaulizwa mnarudi lini. Sisi Moshi nani aliwauliza Polisi wanarudi lini? Tulikaa kimya, kwa sababu ndani ya mioyo yetu hatukuona kama kuna kitu chetu kimepotea.

Ila Mbeya ni Mbeya, ukishuka Arusha stori inageuka. AFC Arusha ilikuwa timu ya watu, ikashuka Ligi Kuu 2011, na mwaka uleule JKT Oljoro wakapanda, kwa hiyo mji ukabadilishana timu ya wananchi na timu ya jeshi bila hata kukaa msimu mmoja mtupu. Oljoro nao wakashuka 2014. Arusha imejaribu njia zote mbili ndani ya miaka michache na zote zikafa, kwa hiyo anayesema dawa ni kuzitoa timu za majeshi anieleze kwanini AFC haikurudi wakati nafasi ilikuwepo. Mji wa watalii na hoteli kila kona ukashindwa kuishika timu moja.

Na kuna kitu kingine kinaharibu kabisa hoja ya kuzitoa, nacho ni kwamba hizo nafasi haziendi kwa wananchi, zinakwenda kwa wenye hela. Ihefu ilikuwa ya Mbarali kule Mbeya, ndo iliyovunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa Novemba 2022, watu wa kule walishangilia mpaka basi, kufika 2024 timu imehamia Singida inaitwa Singida Black Stars. Fountain Gate nao wakatoka Singida wakahamia Babati. Mwananchi wa Mbarali alipiga kura gani hapo? Kama shida yetu ni timu kuhama na kutuacha, basi mfanyabiashara anahama kuliko hata askari.

Halafu kuna Mashujaa wa Kigoma, timu ya jeshi, 2023 waliitoa hiyohiyo Mbeya City kwenye mechi za mtoano wakapanda, na Kigoma wameipokea kama ya kwao, Uwanja wa Lake Tanganyika panachemka. Gwanda halijawazuia kupenda.

Kwa hiyo mi naona tunabishania kitu ambacho siyo. Tatizo la Polisi Tanzania pale Ushirika halikuwa upolisi, lilikuwa hakuna kilichoifunga na Moshi. Timu za polisi zimewahi kucheza Ligi Kuu zikiwa Dodoma na zikiwa Morogoro, kwa hiyo Moshi ilikuwa kituo tu, kama askari anavyopangiwa kituo. Angalia msimu walioshukia, Agosti 2022 wanafungua ligi nyumbani na Yanga, na mechi inapigwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, wakafungwa 2-1. Mechi kubwa kuliko zote za mwanzo wa msimu na mtu wa Moshi anatakiwa apande basi kwenda mkoa mwingine. Na sisi pia tuna makosa, tena makubwa, maana Simba au Yanga wakija Ushirika tulikuwa tunavaa nyekundu na kijani, wenyeji wanashangiliwa na askari wenzao na watoto wa shule. Huwezi kuidai timu ambayo hukuwahi kuishangilia.

Hili siyo la kumbukumbu tu. Arusha inajengewa uwanja mpya Olmoti wa watu elfu 30 kwa ajili ya AFCON 2027, na mpaka sasa mji umezoea kuangalia mpira wa wengine. Fainali ya Kombe la FA 2022 Yanga na Coastal Union ilipigwa Sheikh Amri Abeid, Machi 2025 Coastal haohao wa Tanga wakawa "nyumbani" Arusha wakapigwa 3 na Simba, Mukwala kafunga yote. Uwanja unajaa, sawa, lakini kwa timu ya Tanga na timu ya Dar. Baada ya AFCON nitashangaa sana kama hatokei mtu anataka kununua timu ya mkoa mwingine aje nayo Olmoti, na wapo watakaopiga makofi.

Mi nisingependa hiyo njia. Timu za Mbuni na TMA zipo Arusha, zote zina mizizi jeshini na zote zimecheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, zinajua ugumu wa kule chini. Halmashauri ikae nao mezani sasa hivi kabla hawajapanda, isainiwe kwamba timu inabaki mkoani miaka kumi hata uongozi wa kikosi cha jeshi ukibadilika, raia wapewe viti kwenye bodi, na timu za U-17 na U-20 zichukue watoto wa Ngarenaro, Unga Limited na Monduli. Jeshi lilipe mishahara, mji uwe na sauti. Na Moshi nao wawafate Polisi na karatasi hiyohiyo, wasisubiri mpaka timu ipande ndo waanze kuulizana ni ya nani.